Samperu Aliponyamaza

Kuna nyundo ya chuma, ile inayopasua mwamba kwenye ncha ya mabomba, imelala chini ya ardhi upande wa Kajiado, zaidi ya mita mia moja kwenda chini, pamoja na mabomba manne ya kuchimbia. Haitatoka. Niliizika mimi kwa mdomo wangu, bila kugusa chochote kwa mkono. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi sasa, hasa ninyi mliopewa watu wa kuwasimamia kabla hamjaota hata unywele mmoja mweupe. Nitawaeleza ilivyokuwa, lakini msiniharakishe. Mimi ni mtu wa kuzunguka kwanza.

Nilifanya kazi ya kuchimba visima kwa mashine karibu miaka kumi na minane. Yadi yetu ilikuwa Kitengela, wakati ambapo pundamilia bado walipita nyuma ya maduka asubuhi na hakuna mtu aliyegeuka kuwatazama. Nilikuwa nimetoka Makueni mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mtoto mmoja anayeitwa Mutuku na masomo ya kidato cha pili ambayo sikuyatumia. Waliniandika mpishi wa kambi, na tangu siku hiyo kila mtu akaniita Mama Mutuku.

Wiki ya kwanza niliwaaibisha Wakamba wote. Wachimbaji wana dawa fulani ya povu inayotiwa shimoni pamoja na hewa, ili ipandishe juu vumbi na vipande vya mawe. Ilikuwa ndani ya mtungi mweupe usio na jina. Mimi nikaona sabuni, nikamimina kwenye sufuria la ugali, nikasugua. Wanangu, lile povu lilipanda, likashuka, likaanza kutembea. Upepo wa nyanda zile ukalibeba mpaka kwa mbuzi wa jirani, mbuzi wakatimka na mchungaji nyuma yao. Katikati ya hayo akafika mwenye kampuni, Bwana Nzioka, akashuka garini na kukanyaga povu mpaka kwenye soksi.

Nilijua nimefutwa kazi. Yeye akauliza tu, "Huu mtungi ulikuwa umeandikwa?"

"Haukuandikwa, Bwana."

Akamwita mtu wa stoo, akaomba rangi na burashi, akachuchumaa na suruali yake nzuri, akaandika mwenyewe: POVU. SI SABUNI. Halafu akala ugali wangu uliokuwa na ladha ya kiwandani na akasema umeiva vizuri.

Bwana Nzioka alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini na meno ya kahawia. Kwenye lango la yadi alikuwa ameandika ndoto ya kampuni: "Maji ya kweli, karibu na nyumbani." Siku hizi kila kampuni iko na maneno kama hayo ukutani, na nimeona wafanyakazi wakipita chini yake kama wanavyopita chini ya waya wa stima. Sisi tuliyaamini, na nitawaambia kwa nini.

Kuna kisima tulichimba upande wa Tuala, kwenye uwanja wa kanisa. Maji yalitoka kwa nguvu, watu wakaimba, akina mama wakatufunga leso mabegani. Baada ya siku kadhaa majibu ya maabara yakaja: yale maji yalikuwa na madini yanayoharibu meno na mifupa ya watoto. Angeweza kutuma barua. Angeweza kunyamaza kabisa, maana maji yenyewe yalikuwa matamu na hakuna aliyeuliza. Alikwenda Jumapili, akasimama mbele ya wale watu walioimba, akafungua mdomo na kuwaonyesha meno yake. "Tazameni," alisema. "Nililelewa na maji kama haya. Osheni nayo nguo, jengeni nayo. Ya kunywa, endeleeni na ya mvua mpaka tutafute njia nyingine." Mama mmoja alilia. Sisi tuliokuwa nyuma ya lori tulitazama chini. Kuanzia siku hiyo, mtu akitusimanga kwamba kampuni yetu ni ndogo, hatukumjibu.

Baadaye karani wa sampuli aliacha kazi, nami nikapewa nafasi yake kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Kila mita mbili unachota vipande vya mawe vinavyorushwa na hewa, unavisafisha kwa maji kidogo, unavitia kwenye mfuko na kuandika kina. Jiwe jeusi la Kitengela ni gumu, linalia kama kengele. Ukienda Kajiado unakutana na jiwe linalometameta, na chini yake mara nyingine kuna tabaka lililooza, laini kama keki iliyomwagikiwa chai. Pale penye kuoza ndipo maji hupenda kukaa, na ndipo shimo hupenda kubomoka. Kabla hujaandika neno, lisage lile jiwe kati ya vidole viwili. Vidole havidanganyi haraka kama macho.

Siku moja mvua ilinishika, ikasomba mafungu yangu ya mawe kutoka mita thelathini hadi arobaini. Niliogopa. Nikachota kutoka fungu moja lililobaki, nikajaza mifuko mitano na kuiandika kana kwamba ndiyo yenyewe. Yadini, Bwana Nzioka aliimwaga kwenye gunia, akaipanga na kuitazama kwa muda mrefu.

"Mama Mutuku, haya mawe ni ndugu wa tumbo moja. Mita kumi nzima hazikubadilika hata kidogo?"

Nikamwambia ukweli. Hakupaza sauti. Alinipa kalamu nyekundu.

"Hapo andika 'sijui'. Karatasi yenye 'sijui' tano naweza kuifanyia kazi. Yenye uongo mmoja siwezi, kwa sababu sitajua ni upi."

Ile karatasi ilikwenda serikalini ikiwa na "sijui" tano zenye mwandiko wangu. Sijawahi kujivunia karatasi kama nilivyojivunia ile.

Sasa mtaniuliza: mtu aliyefundishwa hivyo alizikaje nyundo? Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilifanywa msimamizi wa kambi. Mwanamke, tena mpishi wa zamani, kuwaamuru wanaume tisa wa mtambo. Hakuna aliyenidharau wazi, lakini mimi niliisikia dharau hata kwenye kikohozi. Mtu akiniuliza swali, niliona ananipima. Akikaa kimya, niliona ananicheka.

Mwendesha mtambo wetu aliitwa Samperu, Mmaasai mrefu, mpole, mwenye sikio ambalo sijaona la pili. Alikuwa na desturi ya kuegemeza kiganja kwenye mlingoti wa mtambo, akafumba macho, akasema, "Chini kumekuwa laini." Na kweli dakika moja baadaye vumbi lilibadilika rangi. Tulifanya kazi pamoja tangu nikiwa jikoni. Nilijua anapenda chai bila tangawizi, na yeye alijua nikinyamaza sana nimepata barua kutoka nyumbani.

Tulipata kazi ya kuchimba kisima kwao Samperu, nje ya mji wa Kajiado, mwendo wa saa moja kutoka barabara ya Namanga. Mama yake alikuwa bado anachota maji bwawani, maji yenye rangi ya chai ya maziwa, kwenda na kurudi na punda wawili. Tulipofika alikuja kutusalimia na wanawake wenzake. "Takwenya," nilimwambia, neno nililofundishwa njiani. "Iko," alijibu, akacheka jinsi nilivyolitamka, akanishika mkono na hakuuachia mpaka tulipomaliza kupiga kambi. Kila mtu pale alimwita Yeyo, yaani mama.

Shida ilikuwa tarehe. Bwana Nzioka alikuwa amewaahidi wageni waliofadhili kisima kwamba siku fulani watakuja kuona maji. Wakati huo ili upate mtandao wa simu ilibidi upande kilima. Nilipanda, akaniambia kwa sauti ambayo sikuizoea, "Mama Mutuku, tarehe haisogei. Usiniangushe." Nilishuka kile kilima nimebeba hayo maneno kama gunia la mahindi.

Siku ya tatu ya kuchimba, wazee wa pale walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vidogo wakitazama. Yeyo alikuwepo, na wanaume wa rika la Samperu walikuwepo. Samperu akanigeukia.

"Mama Mutuku, hewa hairudi vizuri. Tunyanyue kidogo, tusafishe shimo. Naona kama tuteremshe na bomba la kuzuia kuta kabla hatujaendelea."

Kuteremsha bomba hilo kungekula siku mbili. Nikahisi macho ya wazee juu yangu. Nikasema, tena kwa sauti ya kusikika, "Samperu, kazi yako ni kushika huo mkono wa mtambo. Kufikiri niachie mimi."

Mmoja wa wazee, aliyejua Kiswahili, aliinamisha kichwa. Samperu alinitazama kidogo tu.

"Sawa, mama," akasema, na akaendelea kuchimba.

Siku zilizofuata kambi ilitulia ajabu. Niliuliza, wakajibu "sawa". Niliagiza, wakafanya. Hakuna aliyebisha au kupendekeza jambo, wala kutania kwenye chakula. Grisi ilipakwa nilipotaja grisi. Nisipotaja, haikupakwa. Samperu hakuegemeza tena kiganja kwenye mlingoti. Na mimi, mjinga, nikajiambia: sasa wamenipa heshima yangu, sasa kuna nidhamu.

Siku ya sita mtambo uliguna mara moja, kama ng'ombe anayelala, na mabomba yakakataa kuzunguka. Tulivuta juu, tukasukuma chini, tukapuliza hewa yote tuliyokuwa nayo. Kuta za shimo zilikuwa zimeangukia nyundo. Tulipovuta kwa nguvu zaidi, kitu kikakatika huko chini, mabomba yakaruka juu, yakawa mepesi. Kila mchimbaji anaujua wepesi huo. Hata Yeyo, aliyekuwa amesimama na punda wake, alielewa.

Nilimkuta Samperu nyuma ya lori, ameketi juu ya gurudumu la akiba.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi. Ilikuwa inabana, inaachia. Inabana, inaachia."

"Na hukuniambia? Samperu, hiki ni kisima cha mama yako!"

Hapo ndipo nilipomwona akibadilika uso. "Unadhani sijui ni cha nani? Ulisema kufikiri nikuachie. Nikakuachia. Niliona maji ya mama yangu yakipotea, mkono wangu ukiwa kwenye mtambo, na mdomo ukakataa kufunguka. Sijui nilikuwa mtu wa aina gani jana."

Nikaketi. Tukakaa tu, mimi chini na yeye juu ya gurudumu, mpaka mpishi akaja kutuita, akatuona, akarudi jikoni.

Bwana Nzioka alifika kesho yake asubuhi. Sitawadanganya kwamba alikuwa malaika. Alitazama shimo, akavua kofia, akaitupa chini, akalizunguka lori mara mbili peke yake. Kisha akatukusanya.

"Nani ameumia?"

Hakuna.

"Haya. Ilianzaje?"

Wanaume tisa walitazama viatu vyao. Nilijua wakinyamaza nitapona, kwa maana mawe hubomoka, na hilo lingetosha kwenye ripoti. Nikasogea mbele, nikazungumza nikimtazama Samperu, maana deni langu halikuwa kwa Bwana Nzioka.

"Samperu alinionya siku tatu kabla. Nilimwambia mbele ya watu wa kwao kwamba yeye si wa kufikiri. Baada ya hapo hakuna aliyeniambia kitu, na walikuwa na haki. Samperu, nimekukosea. Nyinyi wote nimewakosea."

Bwana Nzioka aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Tarehe ilikuwa yangu," akasema mwishowe. "Mimi ndiye niliyeahidi kitu ambacho ardhi haikuahidi, kisha nikamtupia Mama Mutuku hofu yangu kwa simu. Nitawapigia wale wageni leo, niwaambie ukweli. Tutachimba tena, na tutamaliza tutakapomaliza."

Nikasema bado kuna mtu mmoja hajaambiwa. Nikamwomba Samperu anipeleke kwa Yeyo anitafsirie, kwa kuwa Kimaasai changu kiliishia kwenye salamu.

Alitukaribisha kwenye kivuli cha nyumba yake, akamimina chai. Chai yake ilikuwa maziwa matupu, kwa sababu pale maziwa yalikuwa karibu kuliko maji.

"Mwambie shimo limeharibika, na aliyeliharibu ni mimi."

Samperu akasema maneno machache. Yeyo akatikisa kichwa kuonyesha amesikia.

"Mwambie ulinionya. Mwambie nilikudharau mbele yake bila haki, wakati wewe ndiye ulikuwa unaona."

Samperu akaendelea kunywa chai yake.

"Mwambie, basi."

"Hiyo siwezi, mama. Mtu hawezi kujisifu hivyo kwa mama yake."

Halafu akaanza kuongea, na akaongea sana. Sikusikia jina langu hata mara moja. Yeyo aliweka kikombe chini. Alipomaliza, mama yule alinyoosha mkono na kumshika sikio, mwanamume mzima mwenye watoto wawili, akamvuta kidogo kidogo.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Kwamba na mimi nilijua, nikaacha."

Yeyo akasema kitu, bado amelishika lile sikio. Samperu alitafsiri macho yakiwa yamejaa machozi, na huku anacheka:

"Anauliza, hizo hasira zetu mbili, yeye atazichota na ndoo gani."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka mpaka nikalia, na yule mama akanipangusa uso kwa kona ya shuka lake kana kwamba nami ni wa tumbo lake.

Tulisogeza mtambo hatua arobaini. Safari hii nilikuwa wa kwanza kuuliza, "Samperu, unasikia nini?" Siku ya kwanza alijibu, "Sijui bado," na ya pili pia. Siku ya tatu aliweka kiganja kwenye mlingoti. Tulipofika kwenye tabaka laini tulisimama siku mbili nzima, tukateremsha bomba la kuzuia kuta, na hakuna aliyetaja tarehe. Maji yaliruka siku ya tisa, asubuhi, machafu kwanza kisha meupe. Hayakuwa mengi, lakini maabara iliyapitisha. Yeyo aliyaonja kwa kiganja, akateta kwamba hayana ladha yoyote, kisha akawafungua punda wake wajiendee.

Msidhani kila kitu kilirudi siku ile. Kuomba msamaha kulinichukua dakika mbili, lakini kuaminiwa tena kulichukua misimu miwili ya mvua. Kuna wakati nilimwona Samperu akifungua mdomo kunishauri, anaufunga, ananitazama kwanza kama anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Nilijifunza kusubiri. Nilijifunza pia kwamba yale maneno kwenye lango la yadi hayakuwahi kuwafanya wale wanaume waamke mapema na kupaka grisi bila kuambiwa. Waliamka kwa sababu walijua wakisema jambo, kuna mtu atasikia. Nilipoacha kusikia, hata mtoto wa mwenye kisima aliacha kukipigania kisima.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Samperu alikuwa ndiye msimamizi wa kambi. Nilikwenda kumuaga alipokuwa akichimba nje ya Kitengela. Siku hiyo mwenye shamba alikuwepo na suti yake, amekuja na marafiki kuwaonyesha. Karani wa sampuli alikuwa binti anayeitwa Naserian, aliyeajiriwa mwezi huo huo. Katikati ya kazi akainua mkono na kupaza sauti, "Simamisha!"

Samperu akazima mtambo papo hapo, bila kuuliza sababu. Kompresa, ile mashine ya hewa, ikapumua, kukawa kimya tupu. Watu wote wakamgeukia yule binti. Alisaga mawe kati ya vidole, akayatazama tena, nikaona shingo yake ikilowa jasho.

"Nilidhani jiwe limebadilika," akasema kwa sauti ndogo. "Halijabadilika. Nimekosea."

Mwenye shamba akafyonya. Samperu hakumtazama.

"Ashe, Naserian," alimwambia, yaani asante, kwa sauti ya kutosha kusikika na suti zote zile. "Ukiona tena, inua mkono tena."

Akawasha mtambo. Nilikaa kwenye kreti ya soda na chai yangu, chai bila tangawizi, nikimwangalia yule binti akiinama, akichota, akisaga. Haikupita nusu saa. Akasita, akatazama zile suti, akamtazama Samperu, kisha akainua mkono.

Samperu akazima mtambo.